Jongo, Wifi na Rundo la Mboji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wewe kidole gumba cha mguu wa kulia, huna adabu hata chembe. Nimekubeba umri wote huu, nimekukata kucha, nimekununulia viatu vya wazi ili usibanwe, na leo unavimba na kuwa mwekundu kama nyanya mbele ya daktari! Mbele ya watu! Umeshindwa kungoja tufike nyumbani?

Daktari kasema ni jongo. Mtu mwenyewe mwembamba kama mpini wa ufagio, shavuni hana nyama, halafu ndiye wa kunifundisha mimi habari za nyama. Kasema nyama nyekundu niipunguze sana mpaka uvimbe uishe, na baada ya hapo nile kipande kidogo mara mojamoja, na maji ninywe mengi. Mjukuu wangu aliyenipeleka alisikia "punguza sana". Mimi nilisikia "kipande". Wifi, ambaye hata hakuwepo, kasikia "marufuku".

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuja kutusalimia kabla ya mvua za mwaka juzi. Mpaka leo bado anasalimia. Hali nyama tangu asikie kipindi fulani redioni. Asubuhi anazunguka uani akirusha mikono kama askari aliyepotewa na kikosi. Anakunywa maji yenye vipande vya tango. Nilipoingia nachechemea, akaniambia pole wifi yangu, nilikwambia mimi. Hakuniambia chochote! Alikuwa akinitazama tu nikila.

Jikoni nimepinduliwa. Mjukuu kachukua funguo za jiko na za kabati. Tunamwita Msomi kwa sababu kasomea kilimo. Chakula cha leo: dengu na kabichi. Nimekula kwa hasira. Nimeongeza mara mbili, kwa hasira hiyo hiyo.

Nitawaonyesha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Asubuhi nilijikaza nikavuka barabara hadi bucha. Mwenye bucha ananifahamu tangu alipokuwa akibebwa mgongoni na mama yake. Nikamwambia anikatie ubavu. Akatazama chini. Akasema eti Bibi, Msomi alipita hapa jana, akasema nikikuuzia nyama atanihoji ng'ombe wangu anatoka wapi, analishwa nini na kinyesi chake kinakwenda wapi. Jitu zima lenye shoka mkononi linamwogopa binti wa watu!

Nikamtolea uvivu. Hakutikisika.

Ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikamwambia basi anipe mabaki, ni ya mbwa. Akauliza mbwa gani, sisi hatuna mbwa. Nikasema mbwa wa kulinda mboji ya Msomi. Akaguna. Lakini akanifungia mifupa yenye nyama nyama, mishipa, na kipande cha muundi wa mguu kigumu kama soli ya kiatu. Nikamshukuru kwa niaba ya mbwa.

Nilirudi na furushi kwapani, kichwa juu. Ushindi! Kisha nikakumbuka kwamba funguo za jiko anazo Msomi.

Mchana Msomi aliketi nami kunielimisha. Anasema ng'ombe wengi siku hizi wanabanwa mahali pamoja, wanalishwa nafaka ambayo ingelisha watu, misitu inakatwa ili wapate malisho, maji yanakwisha. Tena eti ng'ombe anapocheua anabeua hewa inayoongeza joto la dunia. Nikamwambia kama ni kubeua, na wifi naye ahesabiwe, maana tango lile halimtulii tumboni. Msomi akajizuia kucheka. Akasema hasemi watu wasile kabisa. Wale kidogo, ng'ombe alishwe majani kwa zamu ya malisho, samadi irudi shambani, basi, ardhi inapumua.

Mimi nikamjibu hivi: ng'ombe anakula majani. Mimi namla ng'ombe. Kwa hiyo mimi nakula majani. Akafunga daftari lake. Nilimshinda hapo hapo, na chuo chake kizima.

Furushi nimelificha ndani ya ndoo ya maji baridi chini ya kitanda. Harufu si mbaya sana. Bado.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo ni siku kubwa. Niandike taratibu.

Kule nyuma ya bafu Msomi ana rundo lake la mboji. Maganda, majani makavu, samadi ya ng'ombe wa jirani, nyasi, vyote kavipanga tabaka kwa tabaka kama vitambaa kabatini. Linanifika kifuani. Halipaswi kutiwa nyama wala mafuta, kila mtu kaambiwa, maana nyama huita mbwa na panya. Jumatatu ijayo bwana shamba atakuja kulikagua kwa niaba ya kikundi cha wakulima. Likimridhisha, Msomi atapewa kile kiwanja kilicho nyuma ya karakana ya mbao alime mwenyewe kwa namna yake. Watu wengi wanakitaka.

Asubuhi aliniita nione. Akachomoa chuma chake kirefu cha kupimia joto, akaniambia niguse ncha. Nikagusa. Mama yangu! Niliruka kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe ulikuwa ule mbaya. Kumbe rundo lile linachemka lenyewe kwa ndani, bila mkaa, bila kuni, bila moshi. Msomi anasema ni vijidudu vinafanya kazi. Nikauliza kama yai lingeiva humo. Akasema labda, Bibi, ukiliacha.

Ukiliacha!

Alipokwenda kwenye kikundi chake, na wifi alipolala usingizi wake wa mchana unaotikisa dirisha, nilichukua sufuria yangu ndogo. Nikatia mifupa, muundi, chumvi, tangawizi na vitunguu nilivyovikata kwa kisu cha kucha. Nikafunika, nikaufunga mfuniko kwa kamba, fundo juu ya fundo, nikaizungushia mfuko wa nailoni. Nikachimba kwa koleo mpaka katikati. Nikaizika. Nikafukia. Nikapiga makofi, mikono ikatoa vumbi.

Hakuna moshi. Hakuna harufu. Hakuna funguo. Kama mimi ningesomeshwa, nchi ingekuwa mbali.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imeiva!

Nilifukua mchana. Muundi ule wa soli ya kiatu umelainika hata kijiko kinaukata. Nilikaa nyuma ya bafu juu ya ndoo iliyopinduliwa nikala kama malkia aliyefichwa na watu wake. Mchuzi umejaa uboho. Nilifumba macho. Nikamkumbuka marehemu, na yeye alipenda mfupa. Nusu nikairudisha kwa ajili ya kesho, maana mimi si mlafi, vyovyote atakavyosema wifi.

Mambo mawili ya kuudhi, hata hivyo. La kwanza, nilipogeuka nilikuta jibwa la fundi cherehani wa nyumba ya pili limekaa, masikio juu, linanitazama kwa heshima kubwa. Nililifukuza, likarudi. La pili, Msomi alipima joto jioni akashangaa. Joto limepanda! Akasema rundo lilikuwa linaanza kupoa, na sasa ni kama mtu kaligeuza likapata hewa. Nikamwambia pengine vijidudu vimepata ari. Akaniangalia sana.

Kidole kinawaka kidogo. Ni zile dengu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jibwa halibanduki. Usiku lilichimba ubavu mmoja wa rundo. Sasa lazima nilinde. Nimepeleka kiti changu nyuma ya bafu na fimbo, nikakaa asubuhi nzima. Mwenye bucha alipita kwa nyuma akaona: mimi, mboji, mbwa. Akatikisa kichwa kwa majuto, akasema Bibi nisamehe, nilidhani unanidanganya. Saa ile ile kanirudia na furushi la ubavu mtupu, eti mbwa mwenyewe kakonda. Uongo wangu umekuwa kweli bila mimi kuutia mkono! Nani mwingine ana bahati ya namna hii?

Kisha Msomi akaja. Akanikuta nimekaa pale na jongo langu, mguu juu ya tofali, nalinda takataka zake. Macho yakamjaa machozi. Akachuchumaa, akanishika goti. Akasema Bibi, sikujua kama unaijali. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kaitwa kazini kwenye shamba la tajiri mmoja, mbali, safari ya siku nzima. Akikosa kiwanja hiki ataondoka mwisho wa mwezi. Hataki. Lakini hawezi kukaa na elimu yake akiimwagilia maji kwenye makopo ya rangi.

Nilimpiga piga kichwani, nikamwambia asilie juu ya mboji, itarowa.

Aondoke? Nibaki na wifi, peke yetu, na lile tango? Afadhali jongo la miguu yote miwili! Na nani atanipeleka kwa daktari nikamdharau? Nani nitabishana naye? Wifi habishani, anahema tu.

Rundo hili litashinda. Nimesema.

Alipoondoka nikafukua ili niweke ubavu mpya. Na hapo, macho yakanitoka. Vipande vilivyobaki jana havipo! Mchuzi umepungua! Jibwa hilo hilo! Nimelipasha maneno mpaka likalala kifudifudi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Jana nilifunga mfuniko kwa kamba mpya, mafundo manne. Leo nimekuta mafundo yapo, yamefungwa vizuri, ila yanaelekea upande mwingine. Na mbavu mbili hazipo.

Nimefikiri sana. Mbwa hafungi fundo. Lakini huyu ni mbwa wa fundi cherehani! Ameishi na uzi tangu alipokuwa mtoto wa mbwa, anatazama watu wakishona kutwa. Atashindwaje? Nimekwenda kwa fundi kumshtaki. Nikamwambia amemfunza mbwa wake wizi wa kitaalamu. Fundi aliondoa pini mdomoni kwanza, akauliza kama nimekunywa dawa za daktari leo. Nikamwambia asinijibu kwa swali.

Wifi amekuwa mwema ghafla. Kaja kukaa nami nyuma ya bafu. Anasema hewa ya huku inamsaidia kifua. Hewa ya mboji! Analeta kiti chake karibu na changu, anafuma kofia yake ya sufu, na kila nikinyanyuka na yeye anainua shingo. Nimemuuliza kwa nini hali chakula cha usiku siku hizi. Kasema mtu anayekula mboga hashikwi na njaa hovyo. Ananihubiria huku midomo inang'aa. Anasema ni mafuta ya nazi ya kupaka.

Kidole kimevimba mpaka hakiingii kiatuni. Kabichi ina sumu, nina hakika sasa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpango wa leo ulikuwa mmoja: kuitoa sufuria kabla ya kesho. Rahisi.

Sikuweza. Wifi alitoka na kiti chake alfajiri. Nami nikatoka na changu. Nikamwambia aende akapumzike. Akasema nenda wewe, una mguu. Nikasema mguu unapenda hewa. Akasema hata kifua chake. Tukakaa. Jua likapanda. Msomi alituletea chai pale pale, akatubusu sote wawili, akasema hajawahi kuona wazee wanaojali ardhi kama sisi. Wifi alikohoa. Mimi nikatazama mawingu.

Mchana nilimwambia anaitwa getini. Akasema getini wasubiri. Alasiri aliniambia kuna nyoka kajipenyeza kwenye viatu vyangu. Nikasema nyoka avitumie tu. Jioni mvua ilinyesha. Tulikaa chini ya mwavuli mmoja, mabega yanagusana, kama maharusi wasiopendana. Sijui alichokuwa anangoja. Mtu mwenye kiburi hana sababu.

Tulipoingia ndani tumerowa, Msomi akafunga mlango wa uani kwa kufuli, eti tusipate homa. Ufunguo kalala nao.

Sufuria imo ndani. Na mbavu zimo ndani ya sufuria.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Naandika nikiruka mistari. Kwa furaha!

Bwana shamba alifika mapema kuliko alivyoahidi, watu wenye tabia hiyo wachapwe. Kaja na viatu vya mpira na watu wawili wa kikundi. Msomi kavaa gauni lake la mahafali, aliyewahi kuona gauni la mahafali kwenye mboji aseme. Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini alieleza vizuri: tabaka, hewa, unyevu, samadi. Akasema kwa majivuno kwamba humu hamjaingia kipande cha nyama hata kimoja.

Nilimeza mate. Pembeni yangu nikasikia mtu mwingine anameza.

Bwana shamba akachukua kijiti cha chuma akachoma katikati. Ko!

Akachoma tena. Ko!

Akauliza kama humu kuna jiwe. Msomi akasema hapana, hajui, haiwezekani. Uso wake ukapauka kama unga. Bwana shamba akachukua koleo, akaanza kufukua, akainua juu sufuria yangu ndani ya mfuko wa nailoni, akaishika upande. Na hapo wifi akapiga ukelele uliosikika hadi bucha:

"Angalia baba, usiinamishe! Utamwaga mchuzi!"

Bwana shamba akainyoosha sufuria haraka. Hata jibwa likainua masikio.

Nikamgeukia wifi polepole. Nikamuuliza yeye kajuaje kama kuna mchuzi. Akatazama kofia yake ya sufu kana kwamba jibu limefumwa humo. Mtaalamu wa tango! Bingwa wa redio! Mafundo manne! Nilihisi kidole kinapoa kwa utamu wa kumwona vile. Namwomba radhi mbwa wa fundi. Fundi mwenyewe simwombi.

Lakini Msomi alikuwa amesimama, mikono imening'inia, haniangalii. Machozi yanamtiririka juu ya gauni. Nikaona ile safari ya siku nzima. Nikaona kiti chake kitupu.

Basi nikachukua fimbo yangu, nikachechemea mpaka mbele, nikasema. Nilisema bwana shamba, hiyo ni kipimo. Chuma chenu kinasema namba, na mimi namba siziamini. Muundi wa ng'ombe mzee, mgumu kama soli, umeiva humo bila moto. Rundo likiweza kulainisha muundi, litashindwa kuua mbegu za magugu? Sufuria imefunikwa, imefungwa kamba, imetiwa kwenye nailoni. Hakuna tone lililogusa mboji ya mtoto. Fungua uone!

Akafungua. Mvuke ukapanda. Wale wawili wa kikundi wakasogea bila kuitwa. Bwana shamba akabonyeza ubavu kwa kidole, nyama ikaachia mfupa. Akachukua konzi ya mboji, akainusa, akaifinya. Akauliza rundo hili limegeuzwa mara ngapi wiki hii. Msomi akasema halijageuzwa. Mimi nikasema limegeuzwa kila siku, na mimi. Wifi, kwa sauti ya panya, akasema na yeye pia, kila siku, nikimaliza mimi.

Bwana shamba akaketi juu ya tofali akacheka mpaka viatu vya mpira vikalia. Akasema ndiyo maana mboji hii imekomaa mapema, kwa sababu ilipata hewa. Joto linatosha. Kisha akakunja uso kidogo, akasema upishi huu hataki kuuona tena, kwamba mfuniko ungefunguka tungekuwa na panya hadi sebuleni, na kwamba nyama iliyokaa kwenye ndoo chini ya kitanda ingeweza kutuua. Sijui nani alimwambia habari za ndoo. Pengine ni mimi, wakati wa kujieleza.

Lakini kiwanja kimetolewa. Ni cha Msomi!

Alilia, akacheka, akanikumbatia, akanitikisa, akaniambia niape sitarudia. Nikamwambia sitarudia. Wifi naye kaapishwa. Wale wawili wa kikundi walishalamba mfuniko.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Daktari kaja nyumbani maana sikuweza kukanyaga. Kidole kimekuwa kama bilinganya. Akauliza nimekula nini wiki hii. Nikasema kabichi. Ni kweli, kabichi nilikula. Msomi akamweleza yaliyobaki, na zaidi. Daktari akasema jongo halidanganyiki. Nikamwambia yeye angekula hata nyama kidogo asingeonekana kupitia nguo.

Tumefanya mkutano wa nyumba. Uvimbe ukiisha, tutakula kipande kimoja Jumapili, nyama ya mfugaji anayelisha majani, ambaye samadi yake itakwenda kwenye kiwanja. Maharage na mboga siku nyingine. Mimi nimekubali kwa moyo mweupe. Wifi pia. Tumeshikana mikono. Msomi kasema anajivunia sisi, kwamba tumejifunza.

Tumejifunza sana.

Jioni alinipeleka kwa mkokoteni, wifi nyuma yetu, kukitazama kiwanja. Kizuri! Udongo mwekundu, na pembeni kashachora kwa kamba mahali pa rundo jipya. Nikauliza litakuwa kubwa kiasi gani. Akanyoosha mikono, akatembea, akanyoosha tena. Kubwa kama chumba! Nikauliza na joto lake. Akasema rundo likiwa kubwa, Bibi, joto hukaa zaidi.

Nilimtazama wifi. Wifi alinitazama mimi. Ndiyo mara ya kwanza tangu azikwe kaka yake kwamba tumeelewana bila neno.

Basi sikia wewe, wifi, na usinihemee. Kesho Msomi akienda kwenye kikundi, ile sufuria kubwa ya shughuli ishushwe darini, isuguliwe mpaka ing'ae, na mfuniko wake utafutiwe kamba mpya. Vitunguu menya wewe, mimi nina mguu. Na mwambie mwenye bucha kwamba mbwa amezaa.